Bati za misumari zinavuja: kuziba, kuhamia skrubu, au kuezeka upya kabla ya mvua? (Tabora na Kigoma)

Mkazi_Ipuli:
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ipo Ipuli, Tabora. Bati 40 za mita 3, geji 30, migongo midogo, zimepigwa misumari ya mwavuli miaka 12 iliyopita. Papi (mbao zinazobeba bati) ni paini ya inchi 2x2, zimeachana sentimita 90. Msimu uliopita ilivuja sehemu nne: tatu katikati ya paa, moja chini ya kofia (bati la kileleni). Naomba mnilinganishie: (a) kuziba kwa lami au silikoni, (b) kung'oa misumari yote niweke skrubu, (c) kuezua na kuezeka upya kwa geji 28.

FundiPaa_Ujiji:
Mkuu, kagua kwanza ndipo uchague. Panda darini saa sita mchana, zima taa, ziba mwanga wote unaoingia kwa pembeni. Tundu litajionyesha lenyewe. Lizungushie chaki, kisha pitisha waya mwembamba utokeze juu ili aliye juu ya paa apaone. Usidanganywe na doa la siling bodi. Maji yakishapenya hufuata tumbo la bati kwenda chini mpaka yakutane na papi, ndipo yadondoke. Kwa hiyo tafuta kuelekea kofia, siyo juu ya doa moja kwa moja.

Doa lipo lakini mwanga hauonekani? Shuku mapishano, pale bati moja linapolalia jingine. Mmoja abaki darini, mwingine amwage maji kwa kopo taratibu, dakika tano kila sehemu, akianzia chini ya paa akipanda. Ukianzia juu utalowesha paa zima na hutajua yameingilia wapi.

Kwa maelezo yako, bati huenda hazina kosa, mwenye kosa ni msumari. Tofauti ya joto la bati kati ya usiku wa Julai na jua la mchana inafika nyuzi 40 kirahisi, na bati la mita 3 hapo linarefuka kama milimita moja na nusu, kisha linarudi. Kila siku. Na paini ikipigwa mbichi husinyaa. Msumari unapanda kidogo kidogo, mwavuli unaachia. Kuugonga tena ni kujifurahisha tu, maana tundu kwenye mbao limeshalegea na upepo utauinua tena. Mimi nasema (b).

Vifaa_Mwanga:
Naunga mkono (b). Hesabu yake: bati la mita 3 linalala kwenye papi nne, skrubu nne kila papi, 16 kwa bati. Mara 40 ni 640. Na kofia, chukua 750.

Urefu inchi 2½, kichwa cha pembe sita, woshea yenye mpira mweusi. Unene namba 14, siyo 12, kwa sababu inaingia kwenye tundu la msumari na lazima ipate nyama mpya ya mbao. Angalia ncha: ya mbao ni kali kama ya skrubu ya kawaida, ya chuma ina mdomo wa drili. Wauzaji wanazichanganya. Ya chuma kwenye paini inachimba tundu pana na haishiki vizuri.

Zinakwenda mgongoni, kamwe siyo bondeni. Kaza mpaka mpira uchungulie kidogo pembeni mwa woshea, basi. Ukizidisha, mpira unapasuka na mgongo unabonyea, maji yanatuama palepale.

MzeeWaCheyo:
Skrubu sawa, ila kwenye nyumba za zamani zenye mbao za mninga toboa kwanza kwa drili ya milimita 5, la sivyo zitakatika shingo.

Na (a) msiidharau, ina mahali pake: matundu yaliyobaki wazi baada ya kuhamia skrubu, na mikwaruzo. Lami ipigwe na kitambaa: sugua kutu kwa brashi ya waya, futa vumbi, pakaa, laza kitambaa cha sentimita 10, pakaa tena juu. Lami peke yake hupasuka kwa jua. Silikoni inayonuka siki usiiweke kwenye bati, ile asidi inakula zinki, yaani utando unaolikinga bati na kutu. Omba isiyo na asidi. Na ile "gundi" ya mtaani ya povu jeupe la kufungashia TV lililoyeyushwa kwenye petroli, mwachieni anayeipenda. Inakauka, inakuwa ngumu, inabanduka, na wakati wa kuichanganya mnaweza kuchoma nyumba.

Kama unakinga maji ya kunywa, lami na rangi yenye madini ya risasi zikae mbali. Paa lako ni kama mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,600. Si maji ya kuchafua.

Kibirizi_Upepo:
(c) ina sharti moja tu: kutu nyekundu upande wa chini, hasa ndani ya mapishano. Chokonoa kwa bisibisi. Ikipenya, bati hilo limekwisha. Zikiwa chache badilisha hizohizo, zikizidi robo ezua. Geji 28 ni nene kuliko 30, ni kweli, lakini ukiipiga kwa misumari ileile kwenye papi zilezile, utarudi hapa kuuliza tena.

Ukikata bati usitumie grinda juu ya paa. Cheche zinaunguza zinki na vumbi lake linaota kutu kila lilipoangukia. Mkasi wa bati unatosha. Na wenye nyumba za kale zenye asbesto: msitoboe, msikate, msifagie.

Mkazi_Ipuli:
Shukrani wakuu, nakwenda na (b). Ila kofia fundi aliijazia saruji chini. Niiache?

FundiPaa_Ujiji:
Itoe yote. Saruji inakula zinki, na kwa kuwa bati linacheza, haikawii kupasuka. Ondoa kofia, sugua, kisha kwa koleo kunja mabonde ya bati kwenda juu kidogo pale kileleni, ili mvua inayosukumwa na upepo isipite chini ya kofia. Kofia ilalie bati angalau sentimita 15 kila upande, skrubu kila mgongo wa tatu. Ifungue asubuhi umande ukikauka, na ifungwe jioni hiyohiyo. Kanyaga kwenye mstari wa skrubu tu, hapo ndipo papi ilipo.

Vifaa_Mwanga:
Na walio Kigoma msingoje Oktoba, kwetu mvua hutangulia.