Tupeane uzoefu: hela ya korosho imeisha na msimu uko mbali, unaamka na nguvu gani?

Mkulima wa Kitangari:
Habari zenu ndugu wa kusini. Sote tunajua mji unavyokuwa minada ikianza Oktoba. Madeni yanalipwa, nyumba zinaezekwa bati, watoto wanavaa vipya. Ikifika Machi na Aprili hali ni nyingine. Mvua inanyesha, majani shambani yamefika kiunoni, na yule aliyekuwa anacheka pale ghalani unamkuta kibarazani saa nne asubuhi, hata salamu anaitikia kwa shida. Naomba tusimuliane kinachotuinua kipindi hiki. Zile nasaha za "amini tu utafanikiwa" tumezisikia za kutosha, leteni mnachofanya.

Mimi nimeamua kutenganisha bei na shamba. Bei haiko mikononi mwangu. Msimu wa 2017/18 kilo ilivuka shilingi 4,000 mnadani; msimu uliofuata wakulima wakagomea bei za wanunuzi, serikali ikatangaza 3,300. Mwezi wa Aprili nani angejua? Lakini kupogolea, kupalilia, na kuwa na dawa ya salfa ndani kabla ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, haujashika maua, hayo ni yangu. Kwa hiyo usiku kabla sijalala naamua kabisa: kesho nikishamaliza chai naanza na mikorosho ya kando ya njia. Siishii kusema "kesho nitaenda shamba". Nataja muda, mahali na mti wa kuanzia. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha kuwa anayepanga namna hiyo, "likitokea hili nitafanya lile", hutimiza zaidi kuliko mwenye nia peke yake. Kwangu faida yake ni kwamba asubuhi sibishani na nafsi yangu.

Mama Mbanguaji, Newala:
Mwanangu wa Kitangari, umesema vizuri, ila hayo ni ya mtu anayeweza kujiinua mwenyewe. Mimi nilipofiwa na mume wangu sikuweza. Naamka, nakaa, jua linaingia ndani, linatoka. Shamba lilikuwepo, jembe lilikuwepo. Walioniinua ni wanawake wenzangu wa kikundi cha kubangua korosho. Hawakunihubiria. Walikuwa wanapiga hodi asubuhi, wanasimama mlangoni na mabeseni yao: "Twende, tunakusubiri." Nikisema leo siwezi, mmoja anaingia, ananifagilia uwanja, wengine wanakaa nje mpaka nitoke. Utawakatalia vipi watu wa namna hiyo?

Na kubangua si kazi laini. Mafuta ya ganda yanaunguza vidole, tunajipaka majivu. Kokwa ikivunjika thamani inashuka, fedha iko kwenye kokwa nzima. Huwezi kuifanya huku mawazo yako yako makaburini. Macho lazima yawe mkononi. Hapo ndipo kichwa changu kilipopata kupumzika, kwa saa chache tu mwanzoni. Ukifika wakati wa ming'oko, ile mizizi ya porini, tunachemsha, tunakula pamoja, mmoja anaanzisha wimbo. Kila wiki tunanunua hisa za kikoba. Mimi nilikuwa nanunua moja, wengine tano, na hakuna aliyenicheka. Kuona jina langu kwenye lile daftari wiki hadi wiki kulinirudishia hamu ya kupanga mambo ya mbele, sare ya mjukuu, bati za jikoni.

Vijana nawaomba sana: mwenzenu akinyamaza, msimtumie ujumbe wa kumtia moyo kwenye simu mkaona mmemaliza. Nendeni kwake. Mpeni kazi ya mkono mfanye wote.

Mwanamke wa Msangamkuu:
Shikamoo mama. Hilo la kupitiana limenigusa, na sisi tunaokwenda pweza tunapitiana hivyo hivyo. Huku bahari ndiyo inayotupangia. Bamvua likifika maji yanakupwa mbali, miamba inatokeza, na muda ni mfupi kabla hayajajaa tena. Hayangoji mtu apate hamu. Kuna siku natoka nyumbani mwili mzito, sitaki kuongea na mtu, lakini nikishachokoa tundu la kwanza najikuta nimechangamka. Ndiyo maana sisubiri kujisikia vizuri ndipo nianze. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, nasuka ukili, nisikae bure, maana nikikaa bure ndipo madeni yote yanapokuja kichwani kwa pamoja.

Dereva boda, Mtwara mjini:
Naomba kupinga kidogo, kwa heshima zote. Njaa haiondoki kwa mtazamo. Mimi nilimaliza chuo wakati gesi asilia ya huku Mtwara ndiyo habari ya mji na kila mtu anasema ajira zinakuja. Nimetuma maombi mpaka nimechoka. Anayeniambia "fikiria chanya" namuona hajawahi kudaiwa kodi ya chumba.

Mkulima wa Kitangari:
Hujakosea ndugu yangu. Kumwambia mwenye njaa atabasamu ni kumkosea. Yupo mtafiti mwingine, Gabriele Oettingen, ambaye tafiti zake zilionyesha kuwa mtu anayekaa akiota mafanikio matamu tu hupungukiwa na nguvu ya kuyatafuta. Anashauri ukishaona unachotaka, utazame papo hapo kikwazo kilicho mbele yako, kisha upange utakavyokikabili. Sasa na wewe tuambie, mbona bado uko barabarani kila siku? Unashikilia nini?

Dereva boda, Mtwara mjini:
Daftari. Kila jioni naandika mafuta, hesabu ya bosi, na kilichobaki. Siku mbaya nikiiandika naiona ni siku moja, na juu yake kuna nyingine zilizokuwa nzuri. Nisipoandika naona maisha yote yameharibika. Halafu asubuhi sifungui mitandao kabla sijapata abiria wa kwanza. Nikianza na picha za niliosoma nao walioko Dar na Dodoma, naendesha siku nzima nikiwa mnyonge.

Muuguzi, Nachingwea:
Naongeza jambo, maana hapa linaweza kusahaulika. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi ana huzuni karibu kila siku, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakitaki, aliyoyapenda hayamgusi tena, huyo msimwambie ajikaze. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika, kwa mazungumzo na kwa dawa. Msindikizeni kituo cha afya au hospitali. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake, na msiogope kumuuliza waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Inaniuma mgonjwa anapofika amechelewa kwa sababu nyumbani waliamua ni mvivu au amerogwa.

Mama Mbanguaji, Newala:
Ahsante muuguzi, Mungu akuzidishie. Wewe mwanangu wa boda, nimekusoma mara mbili. Kikundi chetu tunapeleka korosho zilizobanguliwa huko mjini, na tunatafuta mtu wa kutupokelea mzigo stendi na kuusambaza madukani. Tunataka mtu anayeandika hesabu zake. Uko upande gani?

Dereva boda, Mtwara mjini:
Shikamoo mama. Kijiwe changu kiko hapa hapa stendi, Mkanaledi. Niambie siku mzigo unapokuja na gari gani, nitakuwepo.