Wanafunzi wanaenda kutazama besiboli Azania, wakae upande gani?

Mwalimu_Ipogolo: Kamwene wakuu. Wanafunzi 30 wanatoka Iringa kwenda uwanja wa besiboli wa Azania, Dar. Mchezo hawaujui kabisa. Wakae wapi, na mechi huchukua muda gani?

Mdau_Uyole: Mwalimu, waweke nyuma ya mpigaji, penye wavu. Hapo wanauona mpira ukitoka kwa mrushaji, umbali wa mita 18.44, na wataelewa kwa nini mwamuzi kaukubali au kaukataa. Pembeni, usawa wa beisi (vituo vya kukimbilia) ya kwanza na ya tatu, ndiko mipira iliyokatwa vibaya na gongo huchomokea. Ule mpira ni mgumu, gramu 142 hadi 149, mshono mwekundu umetuna. Aliyeinamia simu hauoni ukija. Hilo lisimamie sana.

Soweto_Mbeya: Naongezea, hakuna saa. Ni vipindi 9 (vijana mara nyingi 7), na katika kila kipindi kila timu inapiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe. Sare? Wanaendelea. Basi la kurudi kata la kesho yake. Na kofia, jua la Dar ni kali.

Mwalimu_Ipogolo: Shukrani. Kwenye wavu ni salama kabisa?

Mdau_Uyole: Ndiyo, ila wasiushike. Mpira ukigonga wavu, vidole vilivyopenya ndivyo vinavyoumia. Wakae hatua mbili nyuma.