Kaseti za bibi

[06:12] Manka: Shimbonyi wana ukoo. Narudia mara ya tatu. Kaseti za bibi ziko 6, mbili zimeshaota ukungu. Fundi wa karibu na stendi anazihamishia kwenye kompyuta, elfu 15 moja. Jumla elfu 90. Mpaka sasa ametoa Joy peke yake, na Joy ni mwanafunzi!

[06:13] Manka: Na msizijaribu kwenye redio ya zamani. Moja ilishaliwa, nikakaa nusu saa naizungusha na kalamu ya Bic.

[07:40] Baba Glory: 👍

[07:41] Manka: Dole gumba si elfu 15, Baba Glory.

[08:05] Baba Glory: 😂😂 Nitalipa kwenye mbege ya Krismasi

[08:06] Junior: Ya mwaka jana ilikuwa maji. Nani alipika?

[08:06] Mama Glory: Junior. Nakuona.

[08:09] Baba Glory: Ulezi ulikuwa mbaya jamani, msimlaumu mtu

[08:30] Manka: Tumetoka kwenye mada. Kaseti ya pili bibi anasimulia alivyoambiwa na mama yake kuhusu siku Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, pale Tsudunyi, Machi 1900. Hiyo sauti ikifutika hainunuliwi dukani. Mwaka 2023 kule Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyobebwa huku enzi za Mjerumani, wakapata jamaa zao walio hai. Sisi tukiulizwa babu wa babu alikuwa nani tutasemaje?

[08:31] Junior: Aliyepika mbege ya maji

[08:50] Manka: Kaka Eli, daftari la ukoo aliloandika baba mkubwa liko kwako Njiro tangu matanga. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Kisha unitumie mimi na Joy. Likibaki kwako tu, siku mvua ikivuja tumekwisha.

[12:47] Kaka Eli: Niko kikaoni. Daftari lipo salama.

[12:48] Manka: Salama ya kabatini.

[13:20] Shangazi Ndeshi: Mimi sichangii.

[13:21] Manka: Shangazi??

[13:26] Shangazi Ndeshi: Kwenye hilo daftari sisi mabinti watano hatumo. Kaka aliandika wanaume na vihamba vyao, mashamba ya ukoo. Sasa anayemuuliza mama maswali kwenye kaseti ni nani? Ni mimi. Redio yangu, betri nilinunua mimi. Nikamwambia kaka aniandike, akasema nitaandikwa Machame nilikoolewa.

[13:29] Baba Glory: Ujumbe huu umefutwa

[13:29] Mama Glory: Tumeshausoma.

[13:45] Kaka Eli: Shangazi, ndiyo ilikuwa desturi. Baba hakuwa na ubaya.

[13:46] Shangazi Ndeshi: Desturi haikuja kumwogesha mama miaka minne.

[16:02] Joy: Niko na babu huku Kidia, nimemsomea zote. Anasema niandike anavyosema, nisipambe.

[16:07] Joy: "Eli. Baba yako anaandika lile daftari, mimi ndiye niliyeshika chemli. Niliona dada zangu hawamo, nikanyamaza. Sitaki lipigwe picha likiwa hivyo. Lilete hapa. Na uje na jani la isale mkononi kuomba radhi, uanze kwa shangazi yako."

[18:51] Mama Glory: 🙏

[20:14] Kaka Eli: Nimesikia, Baba Mdogo.

[20:15] Manka: Jumamosi?

[20:40] Kaka Eli: Gari liko gereji. Nitasema.

[20:41] Junior: Kosta za Moshi hazijaisha kaka

[20:58] Shangazi Ndeshi: Manka, nitumie namba ya huyo fundi. Kaseti ya pili nitaipeleka mwenyewe. Hizo nyingine sijasema kitu.

[20:59] Manka: Natuma sasa hivi shangazi. Aika. Na picha za ukutani msiandike nyuma kwa kalamu ya wino, inapenya mbele. Penseli!

[21:03] Baba Glory: Sasa ulezi nani ananunua?