Kamera ya video ya bei nafuu: mpya isiyo na jina, mtumba wa Kijapani, au simu?

MtuWaChake

Assalaam alaykum. Natafuta kamera ya video ya kurikodia hafla za skuli, nikahi na ngoma huku Chake. Mfuko ni laki tano, na humo humo iingie kadi na betri ya akiba. Kuna zile kamera mpya zisizo na jina, boksi limeandikwa 4K na 48MP, unapewa betri mbili, rimoti na maiki ya juu. Kuna mtumba wa Sony, Canon au Panasonic. Au nibaki na simu ninunue stendi. Picha za kila aina nimeshaziona. Ninachotaka kujua ni kipi kinakufa mwanzo, maana fundi wa kamera Pemba si wa kumpata kila mtaa.

Fundi_Mlandege

Wa alaykum salaam. Kwenye kamera za bei nafuu bodi na kihisi cha picha hudumu. Vinavyokufa ni vya pembeni.

Cha mwanzo ni tundu la USB. Nyingi zisizo na jina tundu limeshikwa kwa solda ya juu ya bodi tu, halina miguu iliyopenya upande wa pili. Unachaji kamera ikiwa juu ya meza, waya unaning'inia, uzito wote unabebwa na ile solda. Mwisho inachaji ukiushika waya hivi, ukiuachia inakata. Kuchomelea upya inawezekana, lakini njia ya shaba ikishabanduka kwenye bodi inabidi kuunga kwa waya mwembamba, na si kila fundi atakubali. Kwa hiyo siku ile ile unayonunua kamera, nunua na chaja ya nje. Betri itoke ichajiwe huko, tundu liachwe.

Cha pili ni fleksi, ule waya bapa mwembamba unaopita kwenye bawaba ya kioo. Watu wanazungusha kioo kabla hakijafunguka chote, na fleksi inajikunja pasipotakiwa. Kupima ni rahisi: washa, kisha sogeza kioo polepole kutoka kufungwa hadi kufunguka. Picha ikipotea kwenye pembe moja na kurudi kwenye nyengine, ni fleksi. Kikiwa cheupe kwenye pembe zote, ni kioo chenyewe au kiungio chake. Fleksi ya bawaba imekatwa kwa umbo la kamera ile ile, hivyo kwa isiyo na jina hupati ya kubadilisha. Kwa Sony au Canon unaitafuta kwa namba ya modeli na unaipata.

Betri nayo ina uongo wake. Nyingi zinatumia umbo la NP-40. Betri ya umbo hilo ya Casio ilikuwa na karibu 1300 mAh. Ukiona mwili ule ule umebandikwa karatasi ya 3000 mAh, ujue karatasi ndiyo iliyoongezeka. Ikianza kuvimba usiilazimishe kuingia, na usiitoboe.

Ummu_Hafidh

Nazitetea kidogo hizi zisizo na jina, kwa sababu wengi wanazilaumu kwa kazi zisizo zake. Ukumbi wa wanawake, taa zote zimewashwa, kamera ipo kwenye stendi mita mbili au tatu kutoka jukwaani: inatosha. Lenzi ya nyingi kati ya hizi haifokasi, imewekwa pahala pamoja kiwandani. Kuanzia kama mita moja na nusu kwenda mbele picha ni safi. Ukitaka kuonesha hina ya bi harusi kwa karibu utapata ukungu, na hakuna kitufe cha kuurekebisha.

Zumu yake ya 16x usiiguse kabisa. Haina vioo vinavyosogea, inakata katikati ya picha na kuitanua. 4K ya kweli ni pikseli 3840 kwa 2160. Ukikata kwa 16x unabaki na 240 kwa 135, tena hapo ni kama 4K yenyewe ni ya kweli, na mara nyingi kihisi ni kidogo na namba imekuzwa na programu. Piga ukurasa wa gazeti kwa 4K, halafu kwa 1080, linganisha herufi ndogo kwenye kompyuta. Zikiwa sawa, baki na 1080: faili jepesi, joto dogo, betri inakaa zaidi.

Jengine ni mwanga. Umeme wetu ni 50Hz. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye 60Hz, ndiyo maana mnaona mistari inapanda na kushuka chini ya taa za mirija. Ingia kwenye menyu, tafuta Frequency, weka 50. Zile taa za rangi za ma-DJ ni kesi nyengine, hazina dawa kamili.

Kusi_na_Kaskazi

Dada Ummu kasema kweli, lakini MtuWaChake ana ngoma na hafla za skuli, yaani kusimama mbali. Hapo zumu ya vioo ndiyo kamera yenyewe. Kwa laki tano tafuta mtumba kati ya hizi.

Sony HDR-CX405 ilitoka 2015. Zumu ya vioo 30x, betri ya NP-BX1 ambayo inatumika kwenye kamera nyingi za Sony kwa hiyo haisumbui kuipata, na waya wa USB umo kwenye mkanda wa mkono. Betri ni ndogo, 1240 mAh, kwa harusi beba tatu. Inakula microSD. Ukitaka kurikodi kwa XAVC S, aina ya faili ya Sony yenye ubora wa juu, lazima kadi iwe SDXC, maana yake kuanzia 64GB. Kwa 50 Mbps kadi hiyo inakupa kama saa mbili na nusu. Ubaya wake mkubwa: haina tundu la maiki.

Canon Legria HF R806 ni ya 2017, zumu 32x, na ina tundu la maiki la 3.5mm. Kwangu hilo linamaliza mjadala. Inachaji kwa adapta yake, si kwa USB, kwa hiyo mtumba usio na adapta ushushiwe bei au uachwe. Panasonic HC-V180 ina zumu ya 50x, ndefu kuliko zote hizo, na haina tundu la maiki. Ni nzuri kwa mpira au mchezo wa ng'ombe ukiwa umesimama pembeni, na kwa zumu hiyo bila ya stendi nzito picha itatetemeka tu.

Angalia pia imetoka wapi. Mtumba wa Japani ni wa 60Hz, si 50, na nyengine zina menyu ya Kijapani peke yake, hakuna pa kubadilisha. Chini ya taa za mirija weka shata (muda wa kupiga kila picha) 1/100 ya sekunde kwa mkono kama menyu inaruhusu.

Fundi_Mlandege

Ongeza saa. Mtumba uliolala muda mrefu unakuuliza tarehe kila unapowasha. Ndani kuna betri ndogo ya kuhifadhi saa. Chomeka kamera kwenye umeme ukiwa umeizima, iache kama saa 24, kisha weka tarehe. Ikisahau tena baada ya siku mbili, kibetri kimekufa. Kamera inafanya kazi vile vile, muuzaji tu ndiye anayetakiwa alijue hilo kabla ya kutaja bei.

MtuWaChake

Ahsanteni. Suali: nimesikia hizi zisizo na jina betri ikimalizika katikati, faili lote linakwenda. Ni kweli?

Mhariri_Vuga

Ni kweli, na si za bei nafuu peke yake. Faili la MP4 linaandikwa picha na sauti mwanzo, halafu mwishoni kamera inaandika faharasa inayosema kila kipande kipo wapi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, data ipo lakini hakuna programu inayojua pa kuanzia. Kamera nzuri inafunga faili betri ikikaribia kuisha. Ya bei nafuu inazimika ghafla. AVCHD, yale mafaili ya .MTS, yamejengwa kwa vipande vinavyojitegemea, kwa hiyo ukikatikiwa unapoteza sekunde za mwisho tu. Kwa Sony, Canon na Panasonic hizo tatu, AVCHD ndiyo chaguo la hafla isiyorudiwa.

Likishaharibika: usirikodi tena kwenye kadi ile. Nakili kila kitu kwenye kompyuta, piga video nyengine fupi kwa kamera ile ile na mipangilio ile ile kwenye kadi nyengine, halafu tumia programu ya untrunc, inachukua faili zima kama mfano na kulijengea faharasa lile bovu. Mara nyengine sauti inapotea, lakini picha inarudi.

Kinga ni kuweka Loop Recording, yaani kurikodi kwa vipande, ya dakika 3 au 5, ukapoteza kipande kimoja badala ya nikahi nzima. Hakikisha kadi ina nafasi, kwa sababu ikijaa loop inafuta vya mwanzo. Na baina ya kipande na kipande kuna mkato mdogo, khutba itapoteza neno.

Kadi nazo. Za bandia zinaonesha 64GB, ndani zina 8. Jaza kadi nzima kwa programu ya kupimia, H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Kadi inayoandika 20MB kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kwa 64GB kuandika tu, bado kusoma. Usiipeleke kazini kabla.

Bwejuu_Kidijitali

Hakuna aliyeitetea simu. Simu ya wastani ya miaka hii inaishinda kamera isiyo na jina kwa picha, hilo halina ubishi. Inashindwa kwa urefu wa kazi: jua la saa saba inapata joto na kufunga kamera, simu ikiita inakata, na nafasi inajaa. Weka hali ya ndege, punguza mwanga wa kioo hadi nusu, itoe kava.

Halafu simu inarikodi kwa fremu zisizo na kasi moja, ukija kuihariri midomo inaachana na sauti. Ipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake, chagua Constant Framerate, ndipo uihariri.

Ila kwa sauti simu ni dawa. Kamera isiyo na tundu la maiki, weka simu mbele ya shekhe ikirikodi sauti peke yake, piga kofi moja mbele ya kamera ili upate alama ya kuoanisha. Kwa shughuli ndefu piga jengine mwishoni, kwa kuwa saa za vyombo viwili haziendi sawa. Ukinunua ile Canon, usichukue maiki ya kola ya simu ukaichomeka hivi hivi: plagi ya simu ina pete tatu nyeusi, ya kamera ina mbili. Bila ya kiunganishi unaweza kupata ukimya au mvumo.

Ummu_Hafidh

Na kwa taarab, usichukue sauti kwenye mixer ukaitia moja kwa moja kwenye tundu la maiki. Ina nguvu kupita kiasi, itapasuka. Kunauzwa waya wenye kipunguzaji ndani.

Kusi_na_Kaskazi

Hewa yetu hamjaitaja. Ukumbi wenye AC kamera inapoa, ukitoka nje wakati wa masika maji yanaganda juu ya lenzi na ndani yake. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ungali ndani, itoe nje, isubiri kama saa moja ipate joto ndipo ufungue. Mchele usitumie, vumbi lake linaingia kwenye matundu. Sanduku la plastiki lenye kifuniko cha mpira na vipakti vya silika vinatosha.

Ukirudi pwani, pangusa mwili kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu. Chumvi inavuta unyevu, ndiyo inayotia ukijani kwenye shaba za betri. Ukijani huo unatoka kwa pamba na spiriti kidogo, betri ikiwa nje. Mchanga ukibana kifuniko cha lenzi, geuza kamera iangalie chini upulize kwa kipulizio cha mpira. Mafuta usitie.

MtuWaChake

Basi naielekea R806. Mwenye duka Darajani, Unguja, anakubali niipime kabla. Nipime nini?

Fundi_Mlandege

Nenda na kadi yako uliyokwisha kuihakiki. Rikodi dakika 20 mfululizo kioo kikiwa wazi, usikatize. Zumu nenda rudi mara kumi, usikilize kama kuna mkwaruzo, na utazame kama picha inaruka katikati. Zungusha kioo pembe zote. Chomeka maiki, vaa headphone, sogezasogeza plagi: sauti ikikatika tundu limelegea. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe uone madoa. Kisha itazame ile ya dakika 20 kwenye kompyuta, si kwenye kioo cha kamera. Adapta iwe kwenye umeme, taa ya kuchaji iwake mbele ya macho yako. Akikwambia adapta ataituma kwa boti ya kesho, na pesa nazo mwambie utazituma kwa boti ya kesho.