Mtoto wa miaka 6 anaficha chakula na kudanganya: ni damu au ni malezi?

Kibatari:
Wakuu, habari za jioni. Nauliza kuhusu mtoto wa kiume, miaka 6, aliyepokewa na shangazi yake wiki 5 zilizopita. Kabla ya hapo amepita nyumba tatu: kwa bibi tangu akiwa na miezi 8, kwa mjomba, kisha kwa jirani. Mezani anakula vizuri, lakini chini ya godoro kila siku hazikosekani chapati, vipande vya muhogo, hata ugali ulioota ukungu. Akiulizwa anakana huku makombo yako mdomoni. Halafu mgeni yeyote akiingia, hata muuza mkaa, anamkalia mapajani. Ukoo umegawanyika. Wapo wanaosema mtoto wa nyoka ni nyoka, baba yake alikuwa vilevile. Wengine wanataka achapwe sasa kabla hajakomaa. Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii, mahubiri tumeshayasikia ya kutosha.

Ustawi_Mstaafu:
Anzeni na chakula, ndiko kwepesi. Mtoto aliyezungushwa nyumba tatu ana hesabu yake kichwani: kula leo si hoja ya kula kesho. Mnachokiita wizi yeye anakiona akiba, na ndiyo maana anaficha hata akiwa ameshiba.

Kwanza zahanati. Apimwe uzito na choo, msije mkapambana na tabia kumbe ni minyoo. Kisha nunueni bakuli moja la plastiki lenye mfuniko, liwe lake peke yake, likae mahali anapofika bila kuomba ruhusa. Ndani wekeni visivyochacha upesi: karanga za kukaanga kiganja kimoja, biskuti tatu, ndizi moja. Aambiwe mara moja tu: "Hili ni lako, linajazwa kila jioni." Na lijazwe kila jioni, hata kama alimaliza vyote saa 2 asubuhi, hata kama siku hiyo amevunja chupa ya chai. Milo iwe saa zilezile. Chini ya godoro safisheni pamoja naye, bila kumwita jirani aje kushuhudia: "Ugali ukilala unaota ukungu, utakuuma tumbo. Vya kuweka tuweke kwenye bakuli."

Panapoharibika ni pawili. Siku za mwanzo atafagia bakuli lote kwa mara moja na kuomba tena. Watu wazima wanaona wanamdekeza, wanaacha. Kumbe anapima tu kama neno lenu lina uzito. Pa pili ni pabaya zaidi: bakuli linageuzwa fimbo. "Hujapiga mswaki, leo hakuna bakuli." Mkisema hivyo mara moja tu, mmemhakikishia kwamba hesabu yake ya zamani ilikuwa sahihi. Hesabuni miezi, si siku. Shule zikifungwa, ukitokea msiba, mkihama chumba, kuficha kunaweza kurudi. Msianze upya kwa hasira. Endeleeni na bakuli.

MamaChekechea:
Naongezea kwenye uongo. Umri wa miaka 3 hadi 4 ndipo watoto wengi wanaanza kudanganya, kwa sababu ndipo akili inapong'amua kuwa kilichomo kichwani mwako si lazima kiwe kichwani mwa mwingine. Kwa hiyo uongo wenyewe si ugonjwa. Kinachoukuza ni swali la mtego. "Nani amekula sukari?" ilhali midomo inang'aa sukari! Jibu unalo, unauliza ili umnase, na mtoto aliyezoea kipigo anakimbilia palipomwokoa jana, yaani kukana.

Acheni kuuliza. Semeni mnachokiona, kisha kazi inayofuata: "Sukari imemwagika. Chukua kitambaa, mimi nashika beseni." Akikiri mwenyewe kabla hajaambiwa, adhabu ipungue waziwazi, aone tofauti. Mkweli na mwongo wakilipwa sawa, kukiri kuna faida gani?

Na chungeni ahadi. Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililochapishwa 2013, watoto 28 wa miaka 3 hadi 5. Mtu mzima aliwaahidi kalamu na stika nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa, nusu wakaambiwa "samahani, hazipo". Baadaye kila mmoja akapewa pipi laini moja: asubiri apate mbili, au aile sasa. Walioletewa walivumilia dakika 12 kwa wastani. Waliovunjiwa ahadi, dakika 3. Tungeona tu hicho kipande cha mwisho, tungesema hawa wana subira, wale ni walafi. Kilichowatenga ni ahadi iliyotimizwa na iliyovunjwa muda mfupi tu kabla. Huyu wenu amevunjiwa ngapi? Basi ahidini kidogo. "Jumamosi tutaenda ufukweni" msiitamke kama nauli haipo mfukoni.

MzeeKigoda:
Wataalamu sasa mnalea kwa mabakuli. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyorithi. Wazee walikuwa wakali na watu wakanyooka. Mtoto apewe kazi, awekewe mipaka, na akikosea aipate. Mnambembeleza mwizi.

Mshauri77:
Shikamoo mzee. Kwenye kazi na mipaka niko nawe kabisa, na ushahidi upo. Watoto wa Wanso, kabila la wakulima wa Kameruni, wanalelewa kwa heshima na utii mkali. Watafiti waliwapima watoto wao wa miaka 4 pamoja na Wajerumani wa umri huohuo: kaa na kitafunwa kimoja dakika 10, utapata cha pili. Utafiti ulitoka 2017. Karibu 70 kwa 100 ya Wanso walisubiri. Wajerumani 28 kwa 100. Na kitafunwa cha Wanso kilikuwa andazi la kwao! Wengine walisinzia wakisubiri. Kwa hiyo ukali wa taratibu peke yake haujamharibu mtoto.

Fimbo ni habari nyingine. Utafiti wa taifa wa Tanzania wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo kingekuwa kinanyoosha, mzee wangu, tungekuwa rula. Mtoto anayechapwa kwa kuficha chakula anajifunza kuficha mbali zaidi: chini ya godoro, kisha darini, kisha kwa jirani. Na mchapaji akisafiri, sheria nayo imesafiri.

Kazi apewe hivi: moja asubuhi, moja jioni, zinazoonekana zikiisha. Kumwagilia mchicha kopo mbili. Kuhesabu sahani na kuzipanga. Sheria za nyumba zisizidi tatu, na anayezitamka awe yuleyule kila siku. Leo shangazi akikataza, kesho mjomba akaruhusu kwa sababu mtoto amelia, mmemfundisha kwamba kulia ni ufunguo. Kesho kutwa atalia mara mbili ya hapo.

Kuhusu damu: watafiti wa tabia za watoto, Thomas na Chess, walianza kufuatilia watoto wa New York mwaka 1956 na wakaona kuwa tangu uchanga kuna mwepesi wa kuzoea, kuna mgumu, kuna anayechelewa kuchangamka. Hilo huenda amelitoa kwa baba yake. Lakini walichosisitiza ni jinsi tabia hiyo inavyopatana na nyumba aliyomo. Mtoto mwenye moto ndani ya nyumba yenye ratiba anatulia; mweke kwenye kelele na mabadiliko ya kila wiki, mtasema ana pepo. Kuficha ugali hakurithiwi.

Kibatari:
Nashukuru sana. Bakuli tumelielewa. Hili la kuwakalia wageni mapajani mbona hamjaligusa? Wengine hapa nyumbani wanaliona sifa, eti mchangamfu.

Ustawi_Mstaafu:
Dada, hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko chakula. Mtoto aliyepata mlezi wa kumtegemea hujivuta kidogo kwa mgeni, anamtazama kwanza mtu wake. Asiyekuwa na mtu wake anamchukua yeyote aliye karibu. Huko Bucharest, Romania, watoto 136 wa vituo vya kulelea walifuatiliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, nusu yao wakapelekwa kwenye familia. Waliotolewa kabla ya miaka 2 walishikamana vizuri zaidi na walezi wapya. Kujitenga na watu kulipungua haraka, lakini kuwaparamia wageni kuliendelea kuwasumbua wengi. Msikate tamaa kukichelewa kuisha, ila msikuchekee. Mtoto wa namna hiyo ni mawindo rahisi kwa mwenye nia mbaya.

Mgeni apewe shikamoo na mkono, basi. Kumpakata, kumlisha, kumpa pipi, kumkagua kidonda, viachwe kwa shangazi. Mgeni akimletea zawadi aikabidhi kwa shangazi, naye ndiye ampe mtoto. Waambieni wageni mlangoni mapema, wasijisikie wamefukuzwa.

Jingine ni kumtoroka. Hii tabia yetu ya kupitia mlango wa nyuma ili mtoto asilie inaua kazi yote. Shangazi aage: "Naenda sokoni, narudi kabla ya mwadhini wa alasiri." Alie, ni sawa. Arudi alivyosema. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipokuwa Uganda 1954 na 1955, akiwatembelea akina mama 26 vijijini karibu na Kampala, aliona kuwa watoto waliotulia walikuwa na mama anayeweza kumweleza mtoto wake kwa undani: anaanza kuchoka saa ngapi, kilio cha njaa kikoje. Shangazi awe na daftari, mistari miwili kila usiku: nini kilimchafua, nini kilimtuliza. Wiki ya tatu ataanza kuona mambo yanayojirudia.

Akianza kujiumiza, kuumiza wanyama, kucheza michezo ya kingono isiyo ya umri wake, au kurudia kukojoa kitandani ghafla, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa kata au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

MamaChekechea:
Na Desemba ukoo ukitaka "aende kidogo kwa bibi kijijini", mjipange. Kwake yeye, "kidogo" ndiyo iliyomhamisha mara tatu. Aende na bakuli lake na shuka lake, shangazi alale naye huko siku za mwanzo, na tarehe ya kurudi iwekewe duara kwenye kalenda, awe anakata siku mwenyewe kwa kalamu.