Vituo 14 visipohesabiwa, jimbo zima lirudie uchaguzi?

Kawempe (mwenye mada)
Ndugu zangu, nawaletea swali. Machi 13, 2025, jimbo la Kawempe Kaskazini, hapa Uganda, lilipiga kura ya kujaza kiti cha marehemu mbunge Muhammad Ssegirinya. Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Elias Nalukoola wa NUP, chama cha upinzani, kwa kura 17,764, naye Faridah Nambi wa NRM, chama tawala, akapata 8,593. Matokeo ya vituo 14 kati ya 197 hayakuingia kwenye jumla kwa sababu ya vurugu, na daftari la vituo hivyo lilikuwa na majina 16,640. Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaufuta uchaguzi wote. Waliopiga kura salama katika vituo 183 wana kosa gani? Msimamo wangu: sheria ibadilishwe, kirudiwe kituo kilichoharibika tu.

Jinja
Nakuunga mkono, na hesabu inakubeba. Pengo lilikuwa kura 9,171. Ili Nambi alizibe, zaidi ya watu 55 katika kila 100 walioandikishwa kwenye vituo hivyo 14 wangelazimika kujitokeza, na wote wampigie yeye, isipotee hata kura moja. Jimbo zima lina wapiga kura kama 199,000 na waliojitokeza hawakufika 15 kwa 100. Kwa kiwango hicho vituo 14 vingetoa kura zipatazo 2,400. Kulinganisha 16,640 na 9,171 ni kumhesabu aliyelala nyumbani kana kwamba alisimama foleni.

Mbale
Ndugu wa Jinja, hesabu yako haina doa, ila swali umelijibu nusu. Kwanza, huwezi kuchukua idadi ya waliojitokeza siku yenye vurugu ukaifanya kipimo cha siku ya amani. Watu wakiona marungu na sanduku linakimbizwa, wanarudi majumbani. Uchache wao wenyewe unaweza kuwa sehemu ya malalamiko.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapokosea, Sheria ya Uchaguzi wa Bunge ya 2005 haina sababu moja tu ya kumvua mbunge kiti. Ipo ya sheria kutofuatwa, na hiyo sharti ionyeshwe kwamba iliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Hapo hesabu zako zina kazi. Ipo ya mbunge kukosa sifa, kwa mfano hana elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Na ipo ya kosa la uchaguzi lililotendwa na mgombea mwenyewe, au na mtu mwingine yeye akijua na akiridhia. Hii ya mwisho haiulizi pengo. Ukishinda kwa kura 20,000 na rushwa moja ikathibitishwa juu yako, umekwisha. Jaji wa Kawempe hakusimama kwenye vituo 14 peke yake. Aliona pia kwamba Nalukoola alifanya kampeni siku ya kura. Sasa niambie, kosa la namna hiyo utalirudia kituo gani?

Gulu
Tuzungumzie fomu ya DR, yaani fomu ya kutangaza matokeo ya kituo, maana kesi nyingi hufia hapo. Kura huhesabiwa kituoni palepale, mbele ya watu, karatasi moja moja ikiinuliwa. Msimamizi anajaza fomu ya matokeo, anatia sahihi, mawakala wanatia sahihi na kupewa nakala. Kinachoharibika: wakala amechoka, ameshinda na njaa, anasaini kabla tarakimu hazijajazwa. Au anasaini vizuri, kisha nakala yake anamkabidhi bosi wa kampeni asiyejua kuitunza, inalowa, tarakimu 3 inasomeka 8. Kisha mlalamikaji anapeleka mahakamani fotokopi. Mahakama ya Juu ilishasema fomu hiyo ni hati ya umma, ithibitishwe na Tume ndipo ipokelewe kama ushahidi. Ombi la kuthibitishiwa liandikwe mapema, kwa sababu siku ni 30 tu tangu matokeo yatoke kwenye Gazeti la Serikali, kesi iwe imefunguliwa. Na ukishafungua, mshtakiwa apelekewe hati ndani ya siku 7. Wapo walioshindwa hata kabla ushahidi haujasikilizwa, kwa sababu hiyo tu.

Mbale
Ahsante, mwenzangu wa Gulu. Nami naongeza historia ya Kyadondo Mashariki, pale Wakiso, kwa wanaodhani kurudia jimbo zima kunamnufaisha aliyeshtaki. Mwaka 2006 kiti kilichukuliwa na Sam Njuba wa FDC, chama kingine cha upinzani, 2011 na Ssemujju Nganda, wa FDC vilevile. Kira, iliyokuwa sehemu ya jimbo hilo, ikakatwa ikawa jimbo la peke yake, Ssemujju akahamia huko, na 2016 Kyadondo ikamtoa Apollo Kantinti, FDC tena. Sitenda Sebalu wa NRM akaenda mahakamani, akashinda, na Mahakama ya Rufaa ikakubali. Juni 29, 2017 watu wakarudi kwenye foleni: Robert Kyagulanyi (Bobi Wine), mgombea binafsi, kura 25,659, Sebalu 4,566, Kantinti 1,832. Waliogombana kortini wote wawili wakaachwa mbali na mtu ambaye 2016 hakuwa hata kwenye karatasi ya kura. Uchaguzi uliofutwa ulikuwa na dosari, basi mwananchi akapewa nafasi mpya kamili. Mkirudia vituo vichache, majina ni yaleyale ya zamani.

Kawempe (mwenye mada)
Nakubali kwamba kosa la mgombea mwenyewe lifute kila kitu. Mimi nasemea lile la kwanza pekee, la sanduku kuporwa au kuchomwa, pale ambapo mgombea hakuthibitishiwa kosa.

Mbale
Hata hapo naogopa mnada. Fikiria pengo ni kura 300 na limetangazwa, na vituo vilivyobaki ni 3, kila mtu kijijini anavijua. Kila kampeni itajua inahitaji kura ngapi na zinapatikana mlango upi. Sabuni na sukari za jimbo zima zitamwagwa kwenye vijiji vitatu. Kura ni siri pale tu ambapo hakuna anayejua yako ndiyo itakayoamua.

Gulu
Dawa ya hilo ni muda. Pakitokea ghasia, sheria inamruhusu msimamizi wa kituo aahirishe, wapige baadaye siku hiyo au kesho yake. Hapo hakuna aliyejua pengo wala aliyetangazwa. Ubovu ni kwamba haitumiki: msimamizi hana polisi wa kumlinda kesho yake, hana karatasi za akiba, na mkuu wake anataka kutangaza usiku uleule. Badala ya kubadilisha sheria ya mahakama, Tume ikatazwe kutangaza mshindi kabla ya kila kituo kilichovurugwa kupiga kura yake ndani ya saa 48.

Jinja
Saa 48 nazikubali, kwa sharti moja: masanduku ya vituo vingine yawe yamefungwa bila kuhesabiwa hadi hivyo vimalize. Vinginevyo DR zimeshabandikwa na redio zimeshajumlisha, na mnada wa Mbale utafanyika kwa siku mbili badala ya miezi miwili.