Mjadala: Baba mweusi wa Marekani anakimbia watoto, au tumelishwa na runinga?

Zamu ya Usiku (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Columbus, Ohio. Kabla sijaja, mwanaume mweusi wa Marekani nilimjua kwenye kibanda cha video pale mtaani: cheni shingoni, bastola kiunoni, watoto watatu kwa mama watatu. Dada yangu aliyenitangulia alinipokea uwanja wa ndege kwa onyo moja tu: "Weusi wa hapa usizoeane nao."

Sasa ghalani ninakofanya kazi nina mwenzangu, mweusi wa hapa hapa, babu yake alihamia kutoka Alabama. Kila Jumatano tukitoka alfajiri haendi kulala. Anapitia kwa mama wa binti yake, anamchukua mtoto wa miaka sita, anampeleka mpaka maegesho ya shule. Siku moja alinipa lifti nikayaona. Kwenye kisanduku cha mbele cha gari ana kitana chenye mkia mrefu, chupa ya kupulizia maji, kopo la mafuta na mfuko wa shanga. Anamgeuza mtoto ampe kisogo, anapasua njia kwa ule mkia, ulimi umetokeza pembeni kama fundi saa. Geti likifunguliwa mtoto anashuka, shanga zinalia.

Hakuoana na mama wa mtoto. Kwa hiyo kwenye hesabu za serikali huyu ni mtoto wa nje ya ndoa, na kwenye runinga baba yake "alikimbia". Swali langu: hii picha tulipewa na nani, na mbona sisi tuliohamia tumeishikilia kuliko hata wenyewe?

Mzee wa Tabata
Kijana, simulizi tamu, lakini mtu mmoja si takwimu. Kwao watoto karibu saba kati ya kumi huzaliwa nje ya ndoa, hilo linajulikana. Halafu samahani, mwanaume mzima anashika kitana anamsuka mtoto wa kike? Mama yake kazi yake nini?

Binti Tandika
Uwiii! Maelezo yote yale, wewe umeona kitana tu.

Kivuko cha Likoni
Yakhe, hiyo saba kwa kumi usiitupe ukaenda zako. Wimbo huu ulianza na ripoti ya Moynihan, afisa wa Wizara ya Kazi ya Marekani, miaka ya sitini na kitu. Wakati huo kwa Weusi ilikuwa karibu robo tu, akapiga yowe kwamba familia inabomoka. Leo Wazungu wenyewe wameivuka robo hiyo na sijasikia yowe.

Nesi wa Dallas
1965, kaka. Na kwa kuwa mleta mada kaitaja Alabama: huko mama maskini alikuwa akinyimwa posho ya watoto kama ana mwanaume anayekuja kwake. Si lazima awe baba wa watoto, awe mwanaume tu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kulifuta sharti hilo 1968. Fikiria miaka yote hiyo: ukionekana nyumbani, watoto wanakosa chakula. Ukiondoka, wanaandika kwamba umekimbia.

Na takwimu kama mnazitaka hizi hapa. Desemba 2013 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa uchunguzi wa akina baba. Kwa wanaoishi na watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 70 ya baba weusi walisema wanawaogesha, kuwavisha au kuwabadilisha nepi kila siku. Wazungu 60.

Mzee wa Tabata
"Wanaoishi na watoto." Dada, umejijibu mwenyewe. Tunamjadili asiyeishi nao.

Nesi wa Dallas
Na wasioishi nao walihojiwa pia, mzee wangu. Weusi hawakuwa nyuma ya Wazungu. Isome yote kabla hujanivua nguo.

Mzee wa Tabata
Sijamvua mtu nguo. Nilichosema ni kwamba nywele za mtoto wa kike ni kazi ya mama, shangazi, bibi. Hata kule kijijini baba hakai kizingitini anasuka mabutu.

Mchuuzi wa Kariakoo
Mzee wa Tabata, heshima yako ipo, lakini nikuulize: shemeji anasukwa na nani? Maana hapa mjini wasusi wanaotafutwa ni Wamasai. Wanaume. Rungu limeegemezwa ukutani, shuka begani, kichwa cha mteja kipo katikati ya magoti. Na wanasuka mistari myembamba usiyoipata kwa mwanamke yeyote.

Mzee wa Tabata
Mmasai anafanya biashara. Tena kwao morani husukana wenyewe kwa wenyewe tangu zamani, hiyo ni mila. Usichanganye mila na malezi.

Binti Tandika
Kwa hiyo mwanaume akilipwa elfu kumi kumsuka mtoto wa mwenzake ni mila, akimsuka wa kwake bure ni aibu. Nimeelewa 😂

Mtoto wa Pwani
Mimi mwenyewe Mmasai alinisuka mtindo wa twende kilioni, nikalala siku tatu kichwa hakigusi mto. Mkono wa wale jamaa ni wa kuvuta ng'ombe.

Mchuuzi wa Kariakoo
Ulikwenda kwa mwanafunzi wewe. Mwambie asianze karibu na paji la uso, akuachie kidole kimoja.

Kivuko cha Likoni
Jamani, runinga! Mada ilikuwa runinga. Yule mwigizaji John Amos, Kunta Kinte wa utu uzima kwenye Roots, kabla ya hapo alicheza baba kwenye kipindi cha vichekesho cha Good Times. Baba mweusi, maskini, yupo mezani na wanawe. Akawa analalamika kwamba mtoto mkubwa amegeuzwa kichekesho. Wakamwondoa, na 1976 hadithi ikamuua kwa ajali ya gari. Mama akabaki peke yake. Hakukimbia huyo baba, aliandikwa nje!

Mgeni wa Jumamosi
Lakini si walikuwa na kipindi cha Bill Cosby? Daktari, mke mwanasheria, watoto watano, sweta nzuri.

Binti Tandika
Cosby tena, aliyetuhumiwa na wanawake kibao kwa udhalilishaji? Kati ya wote?

Mgeni wa Jumamosi
Namsema wa kwenye runinga.

Binti Tandika
Huyo huyo ndiye 2004 alisimama kuwafokea wazazi maskini wa Kiweusi jinsi wanavyolea. Nyumba ya vioo na mawe mkononi.

Mwalimu wa Kisumu
Mimi nitamleta Obama. Juni 2008, Siku ya Akina Baba, alisimama kanisani Chicago akiwasema baba weusi wasiokuwepo. Dunia nzima ikanukuu. Lakini baba aliyemwacha yeye alikuwa Mkenya wa Kogelo, mwenye masomo ya Harvard. Alikuja kumtembelea kama mwezi mmoja mtoto akiwa na miaka kumi, ikaishia hapo. Tabia ni yetu, lawama wamebeba watu wa Chicago.

Ojwang si Jina Langu
Mwalimu, na wewe wa Kisumu! Mbona unatuanika Wajaluo? Mzee yule aliacha watoto nyumbani wakalelewa na ukoo, hakuna aliyelala njaa. Kwetu mtoto ni wa ukoo.

Mwalimu wa Kisumu
Mtoto ni wa ukoo mpaka siku ya karo.

Ojwang si Jina Langu
Karo yako nani alilipa? Si amu yako? Basi nyamaza.

Mama Wawili
Nimewasoma tangu asubuhi nikijizuia. Mnamjadili baba wa Ohio mnayemwona kwenye sinema. Aprili 2018 Makonda alipokuwa mkuu wa mkoa hapa Dar aliita wanawake waliotelekezewa watoto. Tulijaa pale nje. Nilikuwepo, mdogo mgongoni, mkubwa ameshika khanga yangu asipotee. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na picha ya harusi kwenye bahasha ya kaki. Nyuma yangu binti wa sekondari. Katika foleni yote ile hakukuwa na Mmarekani.

Mzee wa Tabata
Pole mama. Lakini na sisi tunaobambikiwa watoto nani atatuitia foleni?

Mama Wawili
Nimekwambia wangu walibambikwa?

Mzee wa Tabata
Sijakutaja wewe. Nimesema kwa ujumla.

Mama Wawili
Kwa ujumla ndiyo hiyo hiyo anayoilalamikia mleta mada. Mweusi wa Marekani kwa ujumla hukimbia, mwanamke wa Dar kwa ujumla hubambika. Wewe ukitajwa kwa ujumla unawaka.

Nesi wa Dallas
👏 Mtu afunge mada hapo.

Mchuuzi wa Kariakoo
Isifungwe, bado hatujajua Mtoto wa Pwani alisukwa wapi.

Zamu ya Usiku
Nimetoka kazini nakuta kurasa nne za Wamasai. Sawa. Dada yangu kasoma mada hii, kanipigia. Hakusema kuhusu onyo lake la uwanja wa ndege. Aliuliza kama yule mwenzangu anaweza kumsukia na binti yake Jumamosi, saluni za huku zinamkausha mfuko.

Binti Tandika
Si alisema msizoeane?

Zamu ya Usiku
Amesema atamlipa.

Mtoto wa Pwani
Nilisukwa Mwenge, elfu kumi na mbili.

Mzee wa Tabata
Umeibiwa. Pale kwetu mjukuu wangu anasukwa elfu nne, na shanga juu.

Binti Tandika
Mzee, bei za shanga umezijulia wapi? Nani anampeleka?

Mzee wa Tabata
Nilikuwa napita.